Faini Aliyonyimwa Mzee Beda

Mzee Beda ni fundi seremala wa Chanji, hapa Sumbawanga, na ndiye mtu pekee ninayemfahamu aliyewahi kwenda barazani kuomba ahukumiwe. Wengine wote huenda pale kukana. Hata aliyekamatwa na kuku wa jirani kwapani, manyoya yamenasa kwenye ndevu, atakwambia kuku ndiye aliyemfuata. Mzee Beda alikwenda na koti lake la Jumapili, akasema nimekosa, nitozeni. Wakamnyima.

Karakana yake na ua wetu vimetenganishwa na ukuta mmoja wa tofali za kuchoma, kwa hiyo maisha yake mengi nimeyasikia kabla ya kuyaona. Alitengeneza milango, vitanda, madawati ya parokia, na mtu akifa, jeneza. Kwa majeneza alikuwa na utaratibu wake. Hakuweka hata moja tayari. Msiba ukitokea, ndugu mmoja anakuja na kamba ya katani iliyokatwa kwa urefu wa marehemu, anaiweka juu ya meza ya kazi bila maneno mengi. Mzee anavua kofia, anainyoosha kamba, ndipo anachagua mbao. Alikuwa akisema jeneza likisimama tupu lina tabia ya kumtafuta mwenyewe. Sijui kama kitaalamu ni kweli. Diploma yangu ilifia njiani kabla ya kufika mada hiyo, kama mabasi ya Tunduma yanavyofia Laela.

Rafiki yake mkubwa alikuwa Shigela, afisa mifugo katika ofisi moja ya serikali hapa mjini. Shigela ni Msukuma. Ukoo wao ulihamia na ng'ombe bonde la Rukwa, upande wa Muze. Yeye akasoma, akapanda huku juu kwenye baridi, akaoa, akajenga nyumba ya nne kutoka kwa Mzee Beda. Kama Wafipa na Wasukuma ni watani wa jadi au la, waulizeni wenye kumbukumbu ndefu. Hawa wawili utani wao walijitangazia wenyewe, na waliutunza kuliko wengine wanavyotunza ndoa.

Shigela akitoka kazini lazima apite karakana. Hakuna salamu. Anauliza kama leo Mfipa amekwenda sokoni kwa miguu au kwa ungo, maana nauli kwao ni hasara. Mzee anamjibu bila kuinua uso kwamba Msukuma ukimkuta analia usiwahi kumpa pole, muulize kwanza kama aliyekufa ni mke au ng'ombe. Hapo Shigela anajilaza chali juu ya mbao, anakunja mikono kifuani, anafumba macho.

"Nipime, Mfipa. Nisije nikazikwa nimekunja magoti."

"Wewe nitakuzika kwenye maboksi ya sabuni."

"Ya kuogea basi," anasema maiti. "Ya kufulia yataniaibisha kwa Mungu."

Sisi upande wa pili wa ukuta tunajishika mbavu.

Lakini utani una mpaka, na ukivuka unalipa. Kuna siku Mzee Beda alimtania Shigela mbele ya mama mkwe wake, akasema jambo ambalo hata mimi sitaliandika. Shigela akamtoza jogoo. Jogoo akachinjwa, wakamla wote pamoja na huyo mama mkwe, kesi ikaishia kwenye mifupa. Ndivyo faini ya utani ilivyo. Haimuumizi aliyetozwa; inamrudisha ndani ya nyumba.

Kisha soko huria likapanda mlima likatufikia. Vilianza viti vya plastiki, vikafuata vitanda vya chuma, mwisho milango iliyokwisha kupakwa rangi huko ilikotoka. Mzee Beda akabaki na madawati na misiba. Mwaka 2005 misiba nayo ikapata mshindani: mfanyabiashara mmoja alifungua duka la majeneza barabarani, yamepangwa nje kama makochi, yanang'aa, yana vishikio rangi ya dhahabu na kioo usoni, sijui marehemu atazame nini.

Hapo ndipo akaingia Gabriel. Gabriel amemwoa binti wa Mzee Beda, na siku hizo alikuwa na chumba cha intaneti karibu na stendi, kompyuta chache zinazokohoa na feni moja ambayo Sumbawanga kwa baridi yake haikuihitaji. Akamwambia baba mkwe kwamba biashara siku hizi ni matangazo, na kwamba kwa barua pepe moja atawafikia watu wa maofisini wote kwa mpigo. Anwani hazikuwa shida. Miaka ile kila ofisi iliandikisha anwani yake ya barua pepe kwenye kibao cha nje, chini ya sanduku la posta, kwa ajili ya urembo hasa. Gabriel akazunguka mji na kalamu, akazinakili anwani zote.

Mzee Beda alielewa nini? Nilimuuliza baadaye. Alidhani anatengenezewa kibao. Kibao cha ndani ya kompyuta, mtu mwenye shida anakwenda mwenyewe kukitazama, asiye na shida anapita. Hakujua kwamba kibao hiki kina miguu.

Gabriel aliandika kwa mtindo wa matangazo ya magodoro. Nimeyaona kwa macho yangu: "Ndugu mteja mtarajiwa, usisubiri dakika ya mwisho! Majeneza imara ya mninga wa Mpanda. Punguzo maalumu kwa wanaoagiza mapema. Wahi sasa." Chini yake jina la Beda Fundi na namba ya simu. Ungekuwa mzima ungecheka mpaka ukae chini.

Shigela hakuwa mzima. Tangu msimu wa mahindi alikuwa nyumbani kwa likizo ya ugonjwa, ule ugonjwa ambao mtaa ulikuwa na majina mengi ya kuutaja nyuma ya mgongo, na mbele ya mgonjwa tukauita malaria. Mzee Beda alimpelekea uji wa ulezi kila jioni. Na utani ulikuwepo, ila ulikuwa umehama. Walitaniana juu ya ng'ombe, juu ya uji, juu ya ndevu za Mzee. Neno kifo hawakuligusa tena. Hakuna aliyewaambia waache; waliacha wenyewe, wote wawili, siku moja.

Sasa sikiliza barua ilivyosafiri. Ofisi ya Shigela ilikuwa na anwani ya barua pepe lakini haikuwa na intaneti. Katibu muhtasari alikwenda kwa Gabriel mara moja kwa wiki, anachapisha chochote kilichoingia, anarudi nacho ofisini, anagonga mhuri wa kupokelewa, anakiweka kwenye faili la bosi. Chochote kilichochapishwa ni barua, na barua ni lazima ishughulikiwe. Bosi, mtu wa haraka, akasoma neno jeneza, akakumbuka kwamba watumishi wana mfuko wao wa kufa na kuzikana, na kwamba mweka hazina wa mfuko ni Shigela. Akaandika pembeni kwa wino mwekundu: "Shigela, kwa hatua zako." Tarishi akaambiwa mhusika yuko nyumbani, basi akaipeleka nyumbani. Kila mtu katika mnyororo ule alifanya kazi yake sawasawa. Ndiyo maana hakuna aliyeweza kuizuia.

Jioni ile Mzee Beda alifika na uji kama kawaida. Lydia, mke wa Shigela, hakumwita shemeji. Alifungua mlango, akapisha. Shigela alikuwa ameketi kitandani, amejifunga blanketi, karatasi iko juu ya kigoda. Mzee akaanza na la ng'ombe. Shigela akamngoja amalize.

"Karibu, Bwana Beda," akasema. "Keti tafadhali."

Mzee akacheka. Alifikiri ni utani mpya, Msukuma anajifanya mkuu wa wilaya.

"Barua yako tumeipokea," Shigela akaendelea, kwa sauti ile ya ofisini, ya dirishani. "Nimeisoma vizuri. Kwa sasa hatuna uhitaji. Tukihitaji, tutakujulisha."

Mzee Beda akaichukua karatasi. Anasoma polepole, kwa kidole. Alipofika kwenye jina lake, kidole kikakaa hapo. Akaeleza kuhusu kibao, kuhusu Gabriel, kuhusu kutokujua. Shigela alimsikiliza kwa heshima zote, anaitikia kwa kichwa, kama unavyomsikiliza mwananchi.

"Mtani," Mzee akasema mwishoni, "nimevuka. Nitoze."

"Nikutoze kwa lipi, Bwana Beda? Ule ulikuwa utani. Hii ni biashara. Biashara haina faini."

Wasiotaniana hawawezi kuelewa ukali wa neno Bwana. Tusi lingekuwa rehema. Mtu aliyekuita mchawi na bahili wa nauli kwa miaka yote hiyo, akikuita Bwana amekutoa nje na kukufungia mlango, tena amekushukuru kwa kuja.

Shija, mdogo wake Shigela, alipanda kutoka Muze kumuuguza kaka yake, akaikuta habari hiyo, akawaka. Akaenda kituoni. Askari wa zamu akamuuliza: amekutapeli? Hapana. Amekutishia kukuua? Hapana, amemwandikia kaka yangu jeneza. Amelitaja jina la kaka yako? Hapana, ameandika mteja mtarajiwa. Askari akasema yeye hajui sheria yoyote inayomkataza mtu kutangaza bidhaa, labda aende baraza la kata.

Barazani tulijaa, maana kesi ya namna hii hata ingekuwa na kiingilio ungelipa. Mwenyekiti alikuwa Mwalimu Clemens, mstaafu, mtu wa haki na miwani. Gabriel alijitetea vizuri kuliko alivyofikiria kabla ya kutuma. Akasema redio inatangaza sabuni asubuhi na jioni, nani aliiomba, na nani ameishtaki? Mama mmoja mjumbe akasema redio unaifungua mwenyewe, lakini mwenye kuingia nyumbani kwa mtu hupiga hodi, hata adui hupiga hodi, na barua hii haikupiga. Watu wakaguna kwa kumuunga mkono. Mwalimu Clemens akasema hodi ni adabu, na adabu anaipenda sana, ila hapa anatafuta kifungu.

Ndipo Mzee Beda akasimama.

"Mwenyekiti, msihangaike. Nimekosa. Nitozeni."

"Kosa lipi, Mzee Beda?"

"Nimempelekea mtu jeneza angali hai."

"Umepeleka tangazo."

"Mimi nimepeleka tangazo. Yeye amepokea jeneza."

Mwalimu Clemens alivua miwani, akaifuta, akaivaa. Nadhani alielewa. Lakini alikuwa amefundisha uraia maisha yake yote na hakuweza kujizuia.

"Mzee wangu, baraza halimtozi mtu faini kwa sababu anaitaka. Kesho kila asiyepata usingizi atakuja hapa na mbuzi."

Watu wakacheka. Hata mimi. Ikaandikwa kwamba hakuna kosa lililoonekana, kila upande ukapewa nakala. Nje Gabriel akampa mkono baba mkwe, akasema tumeshinda, baba. Mzee akamtazama kama anavyotazama ubao alioupenda akakuta ndani umeliwa.

Hakukata tamaa hapo hapo. Wiki ile ile alinunua mbuzi, beberu mweupe, akamkokota mwenyewe mtaa mzima mpaka kwa Shigela. Shija ndiye aliyetoka.

"Mbuzi wa nini?"

"Faini."

"Ya kosa gani, mzee? Baraza limesema huna kosa. Karatasi ninayo ndani."

"Karatasi ni ya baraza, mwanangu. Mbuzi ni wangu na kaka yako."

"Basi mwache kaka apone, akutoze mwenyewe."

Shija hakusema kwa kejeli. Akafunga mlango polepole. Mzee akasimama pale na kamba mkononi, mbuzi anakula ua la Lydia, watu tunapita tunajifanya hatuoni. Mwishowe akampeleka parokiani. Kwaya ikamla, kwaya haikuwa na ugomvi na mtu yeyote.

Nadhani ndiyo siku alipoelewa hali yake. Angetiwa hatiani, angelipa, na aliyelipa anadai kupokelewa. Lakini ukiambiwa huna kosa, unaomba msamaha wa nini? Hukumu ya kushinda ndiyo iliyomwacha nje.

Kuna jambo moja lililobaki kati ya nyumba zile mbili. Siku moja Lydia alikuja karakana, amesimama pale mlangoni kwenye maranda, hakuingia.

"Shemeji," akasema, na hilo peke yake lilimfanya Mzee aweke chini alichoshika. "Ukipiga misumari, anasikia. Kila ukipiga ananiuliza, ni mlango au ni mtu? Namwambia mlango. Anasema mbona umepigiliwa muda mrefu."

Mzee Beda hakupiga tena msumari mtaani kwetu. Alikuwa akipasua na kupiga randa hapa, halafu anafunga mbao kwenye baiskeli, anazisukuma mpaka Katandala kwa fundi mwenzake, anapigilia huko, anarudi na kitu kilichokamilika juu ya mkokoteni wa kukodi. Wateja wakamwona amechanganyikiwa. Wengine wakahamia kule kwenye vioo na dhahabu. Hakumweleza mtu. Sisi wa ukutani tulijua kwa sababu ya kimya.

Kama Shigela alijua, hakutuma neno.

Alikufa wakati wa upepo wa Juni, ule unaopenya hata sweta mbili. Alfajiri tulisikia kilio cha Lydia. Mzee Beda alifungua karakana mapema, akafagia meza ya kazi, akaifuta kwa kitambaa, akachagua mbao za mninga zilizokuwa ndani kwake siku nyingi, akaziegemeza ukutani. Akaketi. Kila aliyepita barabarani, Mzee alimwinulia macho. Jua likapanda. Hakuna aliyekuja na kamba. Mchana pikapu ilipita polepole ikielekea kule nyumba ya nne, na nyuma yake kuna kitu kinachong'aa, kimefunikwa kanga nusu. Mzee alisimama mpaka ilipopita. Halafu akazirudisha mbao ndani, moja moja.

Maziko yalikuwa Muze, kwa wazazi. Magari yaliteremka ule mlima kwa gia ndogo, unatoka kwenye baridi unaingia kwenye joto kama unafungua mlango wa jiko. Mzee Beda alipanda lori la mwisho pamoja nasi. Hakuna aliyemkataza. Hakuna aliyesogea kumpa nafasi pia, akasimama njia nzima ameshika chuma.

Kaburini, kabla mwili haujashushwa, baba mkubwa wa Shigela, mzee aliyeishi na ng'ombe bondeni na hakujua lolote la mambo yetu ya barua, aliinua fimbo yake. Akauliza mtani wa marehemu yuko wapi. Maana kwa desturi yao mtani ndiye anayesimama kwenye mlango wa kaburi, anazuia, anadai apewe kitu kwanza, anamsema marehemu ubahili wake na usingizi wake, mpaka waliao wacheke kidogo ndipo wapate nguvu za kuzika. Asipokuwepo, watu wanazika na uchungu wao wote kama ulivyo.

Waliojua walitazama udongo. Shija alitazama udongo. Lydia peke yake aliinua uso akamtazama Mzee Beda, na mimi niliyekuwa karibu naapa hakuwa anamtazama kwa chuki. Kama Mzee angepiga hatua moja mbele, nadhani ingetosha. Lakini mtani hajiteui mwenyewe siku ya kuzika, na aliyempa cheo hicho alikuwa amekichukua kwa mdomo wake.

Mzee Beda akavua kofia.

"Alikuwa naye, mzee," akasema. "Endeleeni tu."

Wakaendelea. Tulimzika Shigela bila hata kicheko kimoja, mtu aliyetuchekesha mtaa mzima. Udongo wa Muze ni laini, haukuchukua muda.

Tangu hapo Mzee Beda hatengenezi majeneza. Akija mtu na kamba, anamwelekeza kwingine kwa upole, anarudi kwenye milango yake. Misumari amerudia kuipiga hapa hapa. Lydia alihamia Laela kwa dada yake, nyumba imepangishwa kwa watu wasiojua.

Sheria yenyewe ilikuja baadaye, miaka kumi hivi. Siku hizo ujumbe wa bahati nasibu na mikopo ulikuwa unaingia kwenye simu zetu kama inzi, na gazeti likaandika kwamba sasa kuna sheria ya makosa ya mtandao, na kwamba kumtumia mtu ujumbe ambao hakuuomba kunaweza kukufikisha mahakamani. Nilikuwa nimekaa karakana, namsomea Mzee kwa sauti, kwa kuchekesha, kama ninavyosoma kila kitu. Randa ikasimama.

Akauliza kama kuna faini. Nikamwambia ipo. Akauliza kama na wale wa zamani wanaruhusiwa kwenda kulipa. Nikatazama tena, nikamwambia hapana, sheria haitazami nyuma, inawahusu wanaotuma sasa.

Akaniomba nisome tena, polepole, pengine kuna neno nimeliruka. Nikasoma tena. Sikuwa nimeruka.